Muyomba, Haikukuwa Mufupa

Muyomba,

Jambo hili sijaambia muntu hata mumoja, wala Mama, wala padri. Nilijua kama imbwa ya Papa Jeremi iko mugonjwa. Nilijua siku tatu mbele ya wewe kuingiza mukono wako katika kinywa chake.

Mama, dada yako, alinituma chumvi ku depo, duka ya Papa Jeremi. Unakumbuka ginsi Bobi, imbwa yake, ilikuwa: nikifika tu, mukia inapiga mulango, pua iko ndani ya mifuko yangu. Siku ile haikunitambua. Ilikuwa nyuma ya depo inatafuna munyororo mpaka damu, mate inashuka kama uji, na sauti yake imekauka, si sauti ya Bobi tena. Wewe njo ulinifundisha: "Imbwa ikibadilika tabia, ya upole ikakuwa kali, ao ya kali ikakuwa pole kupita, usiseme imekasirika. Sema iko mugonjwa, na ukae mbali."

Nikakaa mbali. Papa Jeremi akaniona ninaangalia. Akatoa pakiti ya biskuti, akaniwekea mukononi. "Wewe mutoto wa kimya, njo maana ninakupenda. Ni meno tu inamuuma. Usiende kutia watu woga, hakuna mwenye atakanyaga tena hapa."

Nilikula biskuti zote njiani. Ninaandika hii na bado ninasikia utamu wake, na ninachukia ulimi wangu.

Siku ya tatu akakuita, wewe mwenye kutibu imbwa za watu. Nilikufuata kama kawaida, nimeshika kengele ya mti ya Kito, imbwa yako, ile ulichonga kule kwenu Pinga, maana imbwa zenu za uwindaji hazibweki na mwindaji anazijua kwa kengele tu. Taya ya Bobi ilikuwa imeanguka, kinywa wazi. Papa Jeremi akakuambia, "Papa Zawadi, niangalilie, imekwama mufupa wa mbuzi." Ukauliza vizuri, ginsi munganga anauliza. "Tangu lini iko hivi?" Akajibu, "Tangu asubuhi ya leo." Ukauliza tena, "Haijauma kitu?" Akacheka. "Hata kuku."

Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa na maneno ya kukuambia. Siku tatu, Muyomba. Ni maneno mawili tu. Papa Jeremi akaniangalia juu ya bega lako, akatabasamu kidogo. Nikaangalia viatu vyangu.

Ukaingiza mukono. Ukatafuta na ukatafuta. Jino likakukwaruza kwenye kidole gumba, kidogo sana, hata ukasema, "Bobi, na wewe, mimi ni rafiki yako." Tulipofika nyumbani, Mama akakuwekea jiwe nyeusi, ile tunawekea mwenye ameumwa na nyoka. Ikakamata kidonda, ikashikilia, kisha ikaanguka yenyewe. Mama akasema sumu yote imetoka. Nyumba nzima ikatulia. Na mimi nikatulia nao, maana nilitaka sana Mama awe amesema kweli.

Kumbe ilikuwa inahitaji maji na sabuni, kusugua kidonda bila huruma robo saa nzima, na siku ile ile kupanda pikipiki kwenda kutafuta chanjo. Wewe ulijua hii yote. Ulinionyesha mara ngapi? Lakini ulikuwa unatibu mukwaruzo wa imbwa yenye mufupa, si wa imbwa yenye kichaa. Uongo wa Papa Jeremi njo ulikuua. Uongo wake, na viatu vyangu.

Bobi ikakufa kesho yake. Akaizika haraka nyuma ya choo, akasema mufupa umeishinda.

Kisha ukapona, tulifikiri. Ukarudi shambani, ukavuna maharagi, ukamufundisha Kito kukaa chini mbele ya sahani mpaka umwambie kula. Mukono ulipoanza kuwasha ulisema ni kazi. Siku Mama Zawadi, muke wako, alikupa kikombe cha maji na koo likafunga, ukakitupa ukutani, mimi nilikuwa mulangoni. Hata upepo wa mulango ulikuwa unakutetemesha. Ulinitafuta kwa macho, ukasema, "Haikukuwa mufupa." Wote walidhani ni homa inasema. Mimi tu nilielewa.

Sasa sikia kile Papa Jeremi alifanya ulipokufa.

Ku kilio chako alileta gunia ya maharagi na kinywa yake kubwa. Akasimama mbele ya wazee: "Muntu mwenye nguvu vile, anakufa kwa kuogopa maji? Hiyo ni karuho, sumu ya kutiwa katika chakula. Aliyemupikia njo ajibu." Aliyekupikia ni muke wako. Watu wakaanza kuangalia sahani zake kwa mashaka. Hakuna tena mwenye alikubali kula kwake. Na Mama, dada yako wa tumbo moja, Mama mwenyewe njo alimufungia muzigo aende. Mama Zawadi alipanda pikipiki na mutoto mugongoni, akarudi kwao Pinga akiitwa mwenye sumu. Alipita mbele ya depo. Papa Jeremi alikuwa anapima sukari, hakuinua kichwa.

Ku masomo, mwalimu wa biolojia aliandika ubaoni *la rage*, kichaa cha imbwa, akatuandikisha dalili kwa Kifaransa. Kila mustari ilikuwa Bobi, kisha kila mustari ilikuwa wewe. Ku enterogasio, jaribio la darasani, nilipata kumi kwa kumi. Kwa Kifaransa ninajua yote. Kwa Kiswahili, mbele ya mama yangu, nilikuwa bubu.

Ninamuchukia, Muyomba. Padri anasema tusamehe. Mimi ninasema kwanza asimame pale alisimama ku kilio, na wazee wale wale, na amwangalie Mama Zawadi usoni. Kusamehe itajua njia yake kisha.

Papa Jeremi alinunua imbwa ingine, ndogo bado, anaifunga kwa kamba fupi jua lote na anaipiga ikilia. Nilitia dawa ya panya katika kipande cha nyama. Niliweka siku mbili chini ya kitanda. Nilipoenda, ile ndogo ikanilamba vidole mbele ya kuona nyama, na masikio yake yalikuwa yamejaa kupe. Nyama nikaitupa katika choo. Si kwa kumuhurumia Papa Jeremi. Imbwa haikusema uongo ku kilio.

Nikachagua njia ingine. Kila siku nikitoka masomo ninapita. Ninaitoa kupe moja moja ginsi ulinionyesha, kushika karibu na ngozi na kuvuta pole, bila petroli, bila moto. Ninaiita kwa sauti ya chini, inakuja, ninaipa kiazi. Sijawahi kuipiga. Sasa yeye anaipigia kelele mbele ya wateja, na imbwa inakaa chini inaniangalia mimi ku barabara. Juzi mama mumoja muuza ndizi akamucheka: "Papa Jeremi, uko na imbwa ao uko na mugeni?" Depo yote ikacheka. Alinikamata na macho yake. Kwa mara ya kwanza sikuangalia viatu. Na yeye akaelewa, ninaapa, maana alinyosha mukono kwenye rafu ya biskuti.

Sikupokea.

Ahadi yangu njo hii. Jumamosi munganga wa mifugo atakuwa hapa karibu, Mushaki, na chanjo ya imbwa. Nitapeleka Kito, na ile ndogo vilevile, na kama mwenyewe anakataza, akataze mbele ya watu. Jumapili, mwisho wa misa, wakati wa matangazo, nitasimama. Nitasema siku tatu. Nitasema biskuti, hata wakinitemea mate. Nitasema nyuma ya choo iko nini. Sauti yangu itatetemeka, na itetemeke. Nataka Papa Jeremi aondoke ku benchi yake ya kanisa akitembea katikati ya macho, ginsi muke wako alitembea. Kisha Mama atapanda pikipiki mpaka Pinga na atapiga magoti.

Lakini Mama lazima ajue wa kwanza. Njo hapa woga wangu wote umebakia.

Ninasikia mabote ya Mama ku kiwanja, anapangusa udongo wa shamba. Siku zote karatasi hii ilikuwa inaingia chini ya gunia ya kulalia ya Kito. Leo inabakia katikati ya meza, na nimeweka kengele yako juu yake upepo usiibebe.

Pumuzika sasa, Muyomba. Kidole chako kimepata mwenye kukisemea.

Yuko mulangoni. Sifichi.