Sauti Saba Zilizobaki Sebuleni

Dada yangu mpendwa,

Ninapoanza barua hii, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Baba. Lakini kwanza nikujulie hali. Kazi ya hospitalini huko ughaibuni inaendaje? Na mgongo? Sisi ni wazima. Baba anajifunza kupika. Juzi aliunguza maji, na bado anakana.

Wiki iliyopita mwalimu wa kompyuta alitufundisha aina za mitandao. Alisema upo wa eneo dogo, unaounganisha mashine za nyumba au ofisi moja. Upo wa jiji zima. Na upo wa eneo pana, unaovuka nchi na bahari. Kisha akaigawa kwa matumizi: wa ndani kwa wenyewe tu, wa wenyewe na wageni walioruhusiwa, na wa umma. Kwenye jaribio nilipata ishirini kwa ishirini, akaniita profesa mbele ya darasa. Nilienda chooni nikalia.

Dada, Mama alipokuwa mgonjwa alitaka kukuomba radhi kwa yale maneno aliyokutolea siku uliyoondoka. Kupiga simu alikataa. Alisema mkianza kujibizana tu mtagombana tena. Akaniomba nimrekodi, nikutumie. Nilimrekodi mara saba. Zote niliziweka kwenye ile folda ya familia, ulikokuwa ukituwekea picha ulipoishi hapa. Imeandikwa "ya wote", nikaamini nawe umo. Siku ya somo lile ndipo nilipong'amua: kumbe imo ndani ya kile kiboksi cha sebuleni cha kuhifadhia mafaili, kwenye mtandao wa nyumba tu, na haikuwahi kuvuka hata geti letu.

Kila jioni aliniuliza kama umejibu. Nikisema bado, alicheka kidogo, akasema kichwa kigumu hicho umekitoa kwake. Siku ya mwisho hakuuliza.

Ulipokuja msibani ukaniuliza kama Mama alikutaja, sikukujibu. Nilidhani ulizisikia zote ukanyamaza. Nilikuchukia, dada. Nisamehe kwa yote mawili, kutokukufikishia sauti zake na kukuchukia.

Hapo nilitua kalamu. Nilinakili sauti zote saba kwenye flashi, nikazisikiliza moja moja kuhakikisha zinafunguka, nikaitia ndani ya bahasha hii. Baba aliporudi kutoka kazini nilimweleza kila kitu. Alikaa chini bila kuvua viatu, akaniomba nimwekee ya kwanza.

Anakusalimu sana. Ukishazisikia, tuandikie, hata mstari mmoja.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho