Kwa Mume Niliyempiga Mbele za Watu

Mpendwa Gunia, mume wangu wa mchezoni,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba, kisha utajiangusha kutoka kwenye kiti ili wajukuu wacheke nawe usiulizwe kitu. Safari hii kaa chini kabisa, usipate pa kuangukia.

Wanaokuja huku Nyamiaga kununua maharage wakitokea Nyamigogo wananiambia bado unaanguka harusini, na mvi zako zote, na watu bado wanashika mbavu. Sikushangaa. Ulianza kazi hiyo ungali kijana kule ng'ambo ya mto, kwenye harusi na vilabu vya pombe ya ndizi. Wenzako walivuka mpaka na magodoro na masufuria, wewe ukavuka na koti lako la viraka na vichekesho vyako. Hayo ni maneno yako mwenyewe. Ulichokiacha nyuma sikukiona.

Ulinikuta sokoni nikimfokea mteja aliyekuwa akiminya ndizi zangu bila kununua. Ulisimama pembeni ukasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, ukali huo usiumalize kwa mteja mmoja," ukasema. "Njoo uwe mke wangu mchezoni."

Ukanionyesha mwiko wako, uliopasuliwa katikati na kufungwa kamba kwenye mpini, ili vile vipande vigongane kwa kishindo na mgongo usisikie kitu. Ukanifundisha kupiga huku nikivuta mkono, na kungoja kicheko kipungue ndipo nipige tena. Wewe ulikuwa ukitoa pumzi yote kabla hujafika chini, ndiyo maana hukuvunjika. Ulikuwa mwalimu mzuri, hilo silikatai.

Tulicheza sokoni, tukacheza kwenye sikukuu za parokia, tukacheza kambini kwa wakimbizi wenzako siku za mgao, watu wakiwa kwenye foleni ya mahindi. Mume mlevi anarudi nyumbani, mke anamsubiri mlangoni. Kihangaza changu na Kirundi chako vilisikilizana, hakuna aliyehitaji mkalimani. Ulipokaa pasipo na kigoda ukaenda chini miguu juu, foleni nzima ilisahau jua. Nilikupenda. Nalisema wazi, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa.

Lakini miaka ile kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Watu walibadili majina, wengine hata kijiji walichotoka. Siku uliyokuja nyumbani kunichumbia, mama yangu hakukuachia hivi hivi.

"Baba, huna mke huko ulikotoka?"

"Nilimzika njiani, mama. Kabla hatujafika mtoni."

"Ulimzika wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu hii."

Mama alikupa pole, akakupakulia na chakula. Ulipoondoka akanigeukia. "Huyu kazi yake ni kuanguka bila kuumia. Siku akisema ameumia, wewe utajuaje?"

Nikaanza kukuchunguza. Nikagundua kwamba huangukii popote tu. Uliangukia upande wa wanawake, miguuni pao, ukawapitia nyuso zao mmoja mmoja kabla ya kuinuka. Wageni wakiingia kambini ulikwenda kuwauliza wametoka kilima gani, kama mnavyoita vijiji vyenu. Nilipokuuliza unamtafuta nani, ukasema kaka yako. Kaka, upande wa wanawake! Tukaitwa Biharamulo mjini kwa malipo mazuri, ukakataa kwenda mbali na kambi. Tukapanga kumwona padri, ukasema tungoje mavuno. Mavuno yakapita, ukasema tungoje mvua zikatike. Nilikuwa nakutazama tu.

Ikafika ile siku ya mgao. Umelala chini, nimeinua mwiko, kicheko kimepamba moto. Mwanamke mmoja akatoka kwenye foleni, akaitupa ndoo yake, akaja mbio. Alininyang'anya mwiko akanitandika nao begani.

"Mwache mume wangu!"

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Walicheka mpaka wengine wakaketi vumbini. Katika kazi yako yote, tangu hizo harusi za ng'ambo, sidhani kama uliwahi kupata kicheko kama kile, na wala hukukileta wewe. Mwiko haukuniuma hata kidogo. Mimi ndiye niliyeumia.

Jioni ile mlikwenda pamoja kwenye hema lake, wewe na Spesioza wako. Baadaye mkahamia Nyamigogo kulima, na nasikia sasa yeye ndiye anayekupiga harusini. Simlaumu. Alimkuta mumewe anapigwa na mwanamke asiyemjua. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Waliokuja kunipa pole walikutetea. Walisema vita ilivuruga mambo, kwamba wengi walililiwa msiba wakiwa hai, kwamba labda ulizika mwili wa mtu mwingine katika ile hofu ya njiani. Padri naye aliniambia hivyo hivyo. Nimejitahidi kuwaamini, Gunia, tena sana. Kuna miaka niliyokaribia kabisa. Ningewaamini, ningekuwa nimekusamehe zamani na tungesalimiana kama watu.

Ila siku ile wao walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nimesimama karibu nawe kuliko wote. Mtu akimwona aliyemzika amesimama mbele yake, hupiga kelele au hukimbia. Wewe hukushtuka. Uliinuka taratibu, ukajipangusa magoti, ukamwambia kwa sauti ndogo:

"Umechelewa."

Kwaheri, mzee wangu. Usinijibu kwa kichekesho.

Mimi,
mke wako wa mchezoni