Mapambo ya Bethidei ya Semeni

Mbeya

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, tena umekaa ndani, peke yako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa Kaka Athumani ilikufikia, au bado iko kwenye mkoba wake? Na mahindi je? Nimesikia mvua huko Sindeni ilianza vizuri ikakatika njiani. Sisi huku ni wazima. Baba Nasri mzima, Nasri mzima, ila baridi inatutesa. Asubuhi vidole havishiki mkasi mpaka nivichovye kwenye maji ya moto. Zile katani alizonitumia shangazi wa Old Korogwe zilifika, nyeupe na laini kabisa. Mwambie nashukuru sana.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu yako ikilia inapokelewa na nyumba nzima, na habari hii sitaki Kaka Athumani aisikie kabla yako. Barua nampa mama mmoja wa Kabuku anayerudi nyumbani, ameniahidi atakukabidhi mkononi. Isome yote kwanza, mama, ndipo uamue nani aambiwe.

Nimemwona Semeni.

Ndiyo, mtoto wa marehemu dada Mwajuma, huyo aliyebeba jina lako. Ni mzima, amekua, anasoma. Nimeanza na hilo ili usiipitie barua ukitetemeka. Lakini hayajaisha, na pengine nimeyaharibu. Ngoja nikueleze.

Kazi yangu unaijua. Nina meza sokoni, nauza vikapu vya zawadi, maua ya karatasi, wanasesere wa vitambaa, na watu wananiita majumbani kupamba bethidei za watoto. Ulicheka sana nilipokwambia kwamba huku kila mtoto anachagua sherehe yake ifanane na nini: huyu anataka nyumba iwe mbuga ya wanyama, yule anataka iwe baharini na hapa hakuna hata bwawa. Basi alikuja mwanamke mmoja mezani, mpole, wa umri wangu, akasema binti yake anatimiza miaka saba na anataka uwanja ujae vipepeo. Nikamwuliza jina la mtoto, maana huwa nakata herufi za karatasi ya manila natundika ukutani.

“Semeni,” akasema.

Nikadhani sikusikia. “Semeni?”

“Eeh, kila mtu anashangaa. Jina la kwao na baba yake, huko Tanga.”

“Na baba yake anaitwa nani? Tuandike na salamu zake.” Hapo nilidanganya, mama. Siandikagi salamu za baba.

“Bakari. Ni fundi wa malori.”

Nikaendelea kumpimia riboni. Mkono unapima, kichwa kimeshafika nyumbani. Nikaiona ile asubuhi baada ya arobaini ya dada, shemeji Bakari anasema anampeleka mtoto Masuguru akaonwe na bibi mzaa baba, jioni wanarudi. Wewe ukamtilia mtoto uji kwenye chupa, hata kutembea alikuwa bado. Hawakurudi. Safari zako zote za kwenda Masuguru, na yule bibi kila ukifika anakuapia kwamba hajui mwanawe alikoelekea. Miaka yote hiyo, kumbe mtoto yuko mji huu huu ninaoishi.

Baba Nasri aliposikia alinikataza kabisa. “Tengeneza mapambo, mpe mtu mwingine akayatundike. Bakari akikuona, kesho kahama. Mtamtafutia wapi tena?”

Aliyosema yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyonitia hofu. Lakini ningebakije nyumbani, nikijua mtoto wa dada anapuliza mishumaa mtaa wa pili? Nikakata vipepeo wiki nzima. Nikakata na herufi za jina lako, mama. Kisha nikamtengenezea zawadi, mwanasesere wa gunzi la mahindi kama wa kwetu, nikamvika kitenge, na nywele nikamsuka kwa zile katani. Nilisema moyoni, hata nisipotamka neno, atakuwa na kitu kilichotoka kwao.

Nilipofika baba hakuwepo. Yule mwanamke, Atupele ndilo jina lake, alinipokea kwa chai, akaniachia uwanja. Nilikuwa juu ya kigoda nafunga kamba kwenye mti wa parachichi, nikasikia nyuma yangu: “Anti, hawa vipepeo wataruka?”

Nikageuka. Mama, pengo la meno ya mbele, macho, hata kule kuinamisha kichwa anapouliza, ni dada mtupu. Kanitazama akisubiri jibu, ananiita anti kama anavyomwita muuza duka, nami ndiye mama yake mdogo.

“Upepo ukija wataruka,” nikamwambia.

“Nikusaidie kubandika?”

Nikampa mkasi na karatasi. Akaushika kwa mkono wa kushoto. Ndani Atupele akamwita dirishani, “Semeni, mkono wa kulia!” Mtoto akahamisha mkasi, akakata kidogo ovyo ovyo, akanitazama, akaurudisha kushoto kimya kimya. Nikaona nikiendelea kumtazama nitalia, nikapanda tena kigoda.

Bakari aliingia na pikipiki wageni walipoanza kufika. Alikuwa anacheka na mtu getini. Akaniona. Kicheko kikafa hapo hapo. Akajifanya anatengeneza bomba nyuma ya tangi la maji, akaniashiria.

“Umefuata nini, Zuhura?”

“Nimeitwa kupamba.”

“Nani kakutuma? Athumani?”

“Athumani hajui hata kama uko hai. Mama naye hajui. Unajua mama anavyoishi, Bakari?”

Akanisogelea, sauti chini. “Kaka yako alisimama mbele ya waombolezaji akasema mimi ndiye niliyemuua Mwajuma kwa kuchelewa kumfikisha hospitali. Mbele ya watu wote! Mlimnyamazisha? Nilijua mtanichukulia na mtoto, hata kumwona mnikataze. Nilichobakiwa nacho kilikuwa yeye.”

Mama, Kaka alisema hivyo kweli, na sisi tulilia tu.

“Na mkeo anajua nini?” nikamwuliza.

Akaangalia chini. “Anajua mama wa mtoto alifariki. Nilimwambia kwamba upande wenu mlimkataa. Mlisema ni mtoto wa mkosi.”

Hebu sikia hilo, mama. Wewe uliyekuwa unamtafuta nyumba kwa nyumba, huku umesemwa kwamba ulimkataa!

“Semeni mwenyewe anamjua Atupele tu,” akaendelea. “Nakuomba, sherehe iishe salama. Mbele ya watoto wa watu usiseme kitu.”

Nikamwahidi. Si kwa ajili yake. Mtoto alikuwa amevaa mabawa ya kipepeo niliyomtengenezea kwa mikono yangu, anakimbia uwanjani anaita wenzake, ningeanzaje?

Ikaja zamu ya keki. Unajua mtindo wa siku hizi, mtoto akishakata anawalisha watu wake mmoja mmoja, na kuna mtu wa kuwatangaza. Jirani mmoja mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshika kazi hiyo. Akalishwa mama, akalishwa baba. Bakari alifungua mdomo huku macho yake yako kwangu. Kisha jirani akaita, “Upande wa mama! Mama mdogo yuko wapi? Upande wa mama msituangushe!”

Dada yake Atupele akasimama, watu wakapiga vigelegele, akalishwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na gundi mkononi. Nikaanza kuvuta miguu ili niingie jikoni. Semeni akachoma kipande kingine kwa kijiti, akapita katikati ya watu wote, akaja mpaka kwangu.

“Na anti wa vipepeo.”

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikainama, nikapokea. Mama, keki haikupita. Machozi yakaja bila kuniuliza, mengi, mpaka mtoto akaogopa. “Ni kavu?” akaniuliza. Nikamwambia ni tamu, ni tamu sana, nikakimbilia jikoni.

Atupele akanifuata, akafunga mlango.

“Dada, wewe ni nani?”

“Muulize mumeo,” nikamwambia, maana nilikuwa nimeahidi.

Bakari alikuwa ameshafika mlangoni. Akasema, “Ni mdogo wake marehemu.”

Nilitegemea atamgeukia mumewe. Hakumgeukia. Alinitazama mimi, akaenda kusimama mbele ya mlango wa kutokea uwanjani, mikono yote miwili kwenye fremu. “Umekuja kumchukua?”

“Nimekuja kupamba.”

“Mlimkataa! Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Mimi ndiye niliyelala naye hospitali. Sasa amekua ndio mnakuja?”

“Hatukumkataa hata siku moja. Bibi yake yuko hai. Jina hilo unaloliita kila siku ni lake. Amemtafuta mpaka miguu imekwisha.”

Akamtazama Bakari. Bakari hakukanusha. Niliona uso wa yule mwanamke unavyobadilika, mama, na nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi. Huko nje watoto walikuwa wanaimba. Akasema taratibu, “Naomba uondoke.” Nikaondoka kwa mlango wa nyuma, kigoda changu na mkasi wangu nikaviacha. Mwanasesere alikuwa amebaki kwenye meza ya zawadi pamoja na nyingine.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila pikipiki ikipita nadhani ni Bakari, kila gari la mizigo nikiliona nadhani wanahama. Baba Nasri hakunilaumu. Nikapita mara moja mbali na nyumba yao, nikaona nguo za shule kwenye kamba. Nikashukuru Mungu, bado wapo.

Ndipo wiki iliyopita Atupele akaja sokoni. Amebeba kigoda changu. Akakiweka chini, akakikalia yeye mwenyewe, mbele ya meza.

“Silali,” akasema. “Niambie mamaake alikuwa mtu wa namna gani.”

Nikafunga biashara nikamwambia. Nilimwambia dada alivyokuwa anacheka, alivyosuka mikeka, alivyochapwa shuleni kwa kuandika kwa kushoto. Hapo akaweka mkono mdomoni. Akasema, “Na mimi namlazimisha.” Tukakaa mpaka wenzangu wakafunika meza zao. Mwishoni akanieleza alichokuja nacho. Amegombana sana na Bakari, ila hawaachani. Bakari amekubali aliyoyafanya na anakuogopa wewe kuliko mtu yeyote. Semeni ataambiwa habari za mama yake mzazi, lakini atamwambia yeye Atupele, kwa wakati atakaouona, wala mtu mwingine asimtangulie. Na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka atamleta mwenyewe huko Sindeni, walale kwako, umwone, umshike, mkae.

Lakini ana sharti, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Anataka neno lako kwamba atarudi naye. Alinishika mkono akasema, “Nikimpandisha basi kumleta kwenu, nami nikarudi peke yangu, nitakuwa nimekufa. Mwambie mama yako aniahidi, nitamwamini.”

Mama, najua nakuomba kitu kigumu. Wewe ndiye uliyeibiwa, na sasa wewe ndiye unayeombwa uahidi. Kwa haki yako ungeweza kumwita mwenyekiti, ungeweza kwenda mahakamani, na Kaka Athumani akisikia ndilo litakuwa neno lake la kwanza. Tukienda hivyo huenda tukashinda. Ila nimemwona mtoto alivyokuwa anamkimbilia Atupele alipojikwaa na mabawa yake. Hakumtafuta mtu mwingine. Tukimtoa pale, tutakuwa tumemfanya afiwe na mama mara ya pili.

Kwa hiyo fikiri. Chukua muda wako, uswali, kisha unipigie ukiwa shambani, mbali na watu. Ukikubali, basi mzungumze wewe na Kaka Athumani, maana anakusikiliza wewe peke yako. Bakari hataki fidia wala kikao. Anataka kaka ayafute yale maneno ya msibani, kwa mdomo wake. Ukikataa, nitakwenda kumwambia Atupele kwamba umekataa, na sitakulaumu maisha yangu yote. Usiniachie tu kimya.

Nisalimie Kaka Athumani na mke wake, usiwaambie zaidi ya salamu kwa sasa. Msalimie shangazi wa Old Korogwe, mwambie na mwakani asinisahau. Msalimie jirani yako anayekuchotea maji, Mungu amlipe, na watoto wote wa pale nyumbani. Baba Nasri anakuamkia, na Nasri anasema shikamoo bibi.

Na mwingine anakuamkia. Jana Atupele alipita tena mezani nikamwambia kwamba nakuandikia. Akasimama akawaza, akasema, “Msalimie.” Akaenda hatua chache, akarudi, akaniuliza siku mtakapoonana yeye akuite nani. Sikuthubutu kumjibu, mama. Hilo jibu nimekuachia wewe.

Mwanao akupendaye,
Zuhura