Vidole Huponyoka

Mjukuu wangu Mutheu,

Hapa Mbotela tu wazima. Babu yako amemchongea mwanao Kioko twiga.

Umeniuliza kwa nini mtoto namshika kifundo cha mkono tukivuka barabara. Nilifundishwa na jirani yetu Mutiso. Alikuwa mlinzi wa yule kiongozi aliyeuawa nikiwa bado nambeba mama yako Ndinda mgongoni. Siku hiyo Mutiso alikuwa likizo. Nchi nzima ililia, na majirani wakamcheka: "Mlinzi gani huyu?" Kila asubuhi alisimama Jogoo Road akivusha watoto wetu, hata wa hao waliomcheka.

"Mama Ndinda, vidole huponyoka," aliniambia. "Shika kifundo."

Hakuna mtoto aliyemponyoka.

Mvushe Kioko hivyo hivyo.

Nyanya yako