Kigogo cha Mama Mkwe

Jumapili, Agosti 1974

Na bado nimesema asante! Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sokoni Sultan Hamud kigogo cha mpingo kisichozidi mkono wangu wanauza bei ya mbuzi. Wanadhani kila anayechonga anauzia watalii. Mimi nachonga vijiko na ndege, basi, kwa kujifurahisha.

Na huko Matiliku kwa mama mkwe kigogo cha mpingo kikavu, kizuri, kimelala uani miaka yote bila kazi. Lakini ningeomba vipi? Kwa mila yetu, mimi na yeye hata usoni hatutazamani. Nilimtuma mke wangu Mwikali amwombe mama yake, akanicheka. "Mwanamume mzima, mke na watoto, unataka mti wa kuchezea?"

Kwa hivyo kila tukienda, mama mkwe akipita nainamisha macho. Na macho yanaangukia pale pale kwenye kigogo.

Leo hakikuwepo. Mwikali akaniletea chai na maneno ya mama yake: "Ameona hicho kigogo kinakusumbua, kila ukija unakikodolea macho. Amekipasua kuni. Ndicho kilichopika hiyo chai."

Nikanywa. Nikaongezewa kikombe cha pili, maana moto ulikuwa bado mkali.