Meli Iliyotupeleka Unguja Bila Kutushusha

Temeke, Jumapili asubuhi. Kipupwe kimeingia kweli mwaka huu. Manyunyu hayajakatika tangu kulipokucha na Mama ameingiza jiko la mkaa ndani. Nimekaa kitandani lakini bado nahisi sakafu inapanda na kushuka. Sijui kama ni bahari au ni woga wa jana.

Acha niandike, labda nitaelewa.

Jana nilikwenda Unguja. Sikufika. Sentensi zote mbili ni za kweli, na mimi ni mwalimu, ninayewakata watoto maksi kwa kuandika mambo yanayopingana.

Kuna kampuni mpya ya meli imeingia mjini. Jina lao ni gumu, Mama Salima jirani yetu anawaita "wale wageni" tu, na hakuna mtu huku kwetu aliyewahi kusafiri nao. Walibandika tangazo mpaka kwenye ukuta wa soko: matembezi ya baharini, Dar es Salaam hadi Unguja na kurudi, siku moja, chai na biskuti humo humo, nauli nafuu kuliko ya meli tuliyoizoea. Mimi ndiye niliyewasomea watu tangazo hilo. Hakuna aliyeuliza kama tutashuka. Mtu angeuliza vipi? Ukiambiwa fulani anakwenda Unguja, humwulizi kama atakanyaga chini.

Nilitaka kwenda kwa ajili ya dada yangu Agnes. Aliolewa na fundi cherehani wa huko, Mwislamu, akabadili dini, sasa anaitwa Aisha. Baba yetu ni mzee wa kanisa. Alisimama mbele ya wazee wenzake akasema hana binti Unguja, na huu ni mwaka wa pili jina la Agnes halitajwi nyumbani. Mwezi uliopita shangazi yake Mama Salima, anayekaa Ng'ambo huko Unguja, alileta habari kwamba Agnes amejifungua salama, mtoto wa kike. Mama alilia jikoni bila sauti. Baba ni seremala. Aliendelea kupiga randa, ila alipiga pale pale mpaka ubao ukafanya bonde, ikabidi autupe.

Basi Mama Salima akatuma salamu kwa baharia anayemfahamu: Jumamosi tunakuja, Agnes atusubiri bandarini na mtoto. Mama naye akafunga mzigo. Doti ya khanga, mbeleko, na unga wa ulezi uliotoka kwetu Tukuyu, wa kumpikia mzazi uji. Alinipa uani, Baba asione.

Baba alikuwa ameona. Jana asubuhi alinisindikiza mpaka kituo cha basi, jambo ambalo hajalifanya tangu nianze kazi. Basi lilipotokea ndipo akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake, "Mtoto aitwe Tusajigwe. Umwambie dada yako mdomo kwa mdomo. Mtu mwingine asijue."

Tusajigwe ni jina la marehemu mama yake. Kwa Baba jina la ukoo haliwekwi kwenye barua. Linapelekwa na mtu wa damu, kwa kinywa chake. Nikapanda basi nimekumbatia unga, na msamaha wa Baba nimeubeba mimi. Nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya sikukuu.

Furaha ile iliishia bandarini.

Pale kwenye ngazi alisimama afisa mmoja wa meli, kofia nyeupe, Kiswahili chake cha kujifunza kitabuni. Alitutazama sisi wa sitaha ya chini akashika kiuno. Kila mtu alikuwa na mzigo. Kulikuwa na kuku, mikeka, vibuyu vya asali, na mzee mmoja wa Mtoni alikuja na mlango mzima wa mninga, wa nyumba ya mwanawe. Afisa akamwuliza kwa upole, "Mzee, haya ni matembezi. Kwa nini mlango?" Mzee akamjibu, naye kwa upole, "Bwana, safari gani mtu anakwenda mikono mitupu?" Wakatazamana. Niliona wazi kwamba hakuna aliyemwelewa mwenzake, na mimi niliyejua maneno ya pande zote mbili sikumwelewa hata mmoja. Mlango ukapandishwa.

Njiani ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Wazungu walikuwa juu kabisa, chini ya turubai, wamelala kwenye viti vya kitambaa mchana kweupe. Wahindi walikuwa sitaha ya kati na watoto wao na vyombo vya chakula. Kuna watu wazima huko juu walikuwa wakirusha pete za kamba wapate kuzivisha kwenye kijiti, na wakikosa wanacheka, wakipata wanacheka. Sisi tulipewa chai ya maziwa ya kopo, biskuti mbili mbili, na kila mtu bendera ndogo ya karatasi. Mama Salima aliigeuza geuza yake. "Hii ya kazi gani? Mie sina sherehe." Nikamwambia labda ndiyo tiketi ya kurudia. Akaificha kifuani.

Unguja ikatokea. Nyumba nyeupe zikawa kubwa, kisha zikaacha kuwa kubwa, nanga ikashushwa. Tukasimama wote, mizigo vichwani, mlango wa mninga umebebwa na vijana wanne. Tukasubiri ngazi.

Hakuna ngazi iliyoshushwa.

Yule afisa alikuja na pembe ya bati akatangaza kwamba hiyo ndiyo Unguja, tutazame kwa muda wetu, kisha tupunge bendera, meli igeuze. Nadhani kila mmoja alidhani amesikia vibaya. Mama Salima akasogea mpaka mbele yake. "Bwana mkubwa, shangazi yangu yuko pale. Mie nimtazame ukuta wa nyumba yake?" Afisa akaeleza kwamba kampuni haina kibali cha kushusha abiria, wala haikukusudia kushusha mtu. Safari yenyewe ndiyo starehe. Alisema hivyo kwa kututuliza, sidhani kama alikuwa mtu mbaya.

Huko juu walikuwa wakipunga, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Hapo nikajiuliza kama sisi ndio tusiojua kusafiri. Inawezekana mtu akaenda mahali ili apaone tu kwa mbali na akaridhika? Mpaka sasa ninavyoandika sijapata jibu, na kinachoniudhi ni kwamba upepo ulikuwa mzuri, mji ulipendeza, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka kufurahi.

Lakini pale bandarini kulikuwa na watu wamesimama. Kutoka tulipokuwa hukuweza kutofautisha mwanamume na mwanamke. Mmoja wao alikuwa Agnes, labda, na mtoto wake juani, akitazama meli iliyokuja na haiji.

Nilishikwa na hasira. Nilitaka kumpiga mtu kwa bendera ya karatasi.

Ndipo wakaja wachuuzi na mitumbwi yao, wanauza machungwa na halua. Unateremsha kikapu kwa kamba na hela ndani, unavuta juu na machungwa. Nikakamata kikapu cha kwanza kilichopita karibu, nikatia mzigo wa Mama, nikakiteremsha, nikamwinamia mchuuzi. Alikuwa mtu wa makamo, kofia imefifia. Nikamwambia pale bandarini yupo mwanamke, mke wa Masoud fundi cherehani, ana mtoto mchanga, zawadi hizi ni zake kutoka kwa mama yake.

"Tamfikishia," akasema. "Na salamu je, hamna?"

Zipo, nikasema. Mwambie baba yake amempa mtoto jina.

"Jina gani, bibi?"

Mdomo kwa mdomo, alisema Baba. Mtu mwingine asijue. Nyuma yangu nusu ya sitaha ilikuwa watu wa Temeke, Mtoni na Keko, watu wanaotengenezewa vitanda na Baba, wawili kati yao tunasali nao. Nikamwashiria mchuuzi asogee ninong'one. Akasogea, wimbi likamrudisha. Mnyororo wa nanga ukaanza kulia.

"Sema, bibi, meli yenu hiyo yang'oa."

Nikapiga kelele. Tusajigwe. Akaweka mkono sikioni. Nikapiga tena, nguvu zote. Mama Salima akanisaidia kwa sauti yake ya kuitia watoto magharibi, yule mzee wa mlango akapokea, na punde sitaha yote ya chini ilikuwa ikimtajia mchuuzi wa machungwa jina la Tusajigwe, silabi kwa silabi, tena na tena. Wa juu walidhani tunashangilia. Wakatupungia.

Mchuuzi aliinua mkono. Sikujua kama ana maana amesikia au anatuaga. Akaelekea pwani na unga wetu wa ulezi, nasi tukageuka.

Kurudi nyumbani kulinichosha kuliko kwenda. Kila aliyepita alinipa mkono. Hongera mwalimu. Kumbe baba yako, Mzee Mwakalobo, ana mjukuu Unguja. Mlango wa mninga ulikuwa umelazwa sitahani, watu wameukalia wanakula machungwa. Nilijibu ahsante, ahsante. Neno moja la siri nililopewa nimelitangaza kama mpiga mbiu, na sijui kama aliyekusudiwa amelipata. Halafu nikakumbuka kwamba mtoto wa mwezi mzima lazima ameshapewa jina na baba yake. Baba hakuliuliza hilo, nami sikumkumbusha.

Tulipofika Dar es Salaam Mama Salima alipanda basi. Mimi nikasema nitatembea. Nilitembea polepole mpaka Temeke nikiwa na bendera ile mkononi, nikitunga namna ya kumweleza Baba, na kila namna niliyoitunga ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Nikakuta watu barazani kwetu.

Mama Salima alikuwa amefika kabla yangu, bila shaka, na habari hazikuishia kwake. Baba alikuwa kwenye kiti chake, na mmoja wa wale wazee wa kanisa alikuwa amemshika mkono anampa hongera ya mjukuu. Nilisimama kando ya barabara. Sikuwa na uwezo wa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilimwogopa baba yangu kama sijawahi kumwogopa, na pia nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa na mambo mawili tu ya kusema, na moja lilikuwa kwamba hana binti Unguja.

Akasema ahsante. Akaongeza, "Ni jina la mama yangu."

Walipoondoka akaniita. Nikapiga goti, nikasema shikamoo Baba, nikaanza kueleza meli, kibali, mchuuzi, mnyororo. Akaninyamazisha kwa mkono. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo ameiweka pengine, sijui, uso wake jana ulinishinda kuusoma.

"Temeke nzima imesikia," akasema. "Yeye je, amesikia?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu pekee nililokuwa na hakika nalo siku nzima.

Halafu akaniagiza kesho Jumatatu, nikitoka shule, nipite mjini kuuliza nauli ya ile meli ya zamani, inayoshusha watu. Nikauliza, nauli ya mtu mmoja, Baba? Akawa anakung'uta suruali yake iliyokuwa haina vumbi. Ni Mama aliyejibu kutoka ndani, kwamba ni ya watu watatu, na Baba hakumpinga.