Saa Moja Iliyosogezwa kwenye Kalenda ya Mafundi wa Lifti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tanja. Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, saa nne asubuhi.

Jina: Ghizlane Ouahbi
Umri: Miaka 34
Kazi: Mpangaji wa kazi za mafundi, kampuni ya kutengeneza lifti
Makazi: Mtaa wa Dradeb, Tanja

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Mkaguzi Sefrioui. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeombwa pia nikae nitulie, lakini miguu yangu haitaki kutulia tangu jana, na Afande amenikubalia nisimame kila nitakaposhindwa kukaa.

Kazi yangu ni kupanga nani aende jengo gani na saa ngapi. Kila kazi naiandika kwenye kalenda moja ya pamoja, na kila fundi anaiona kwenye simu yake. Kazi ikisogezwa, inasogea kwa wote. Mwenye kampuni, Bwana Anouar Rahmouni, ambaye kwa heshima tunamwita Si Anouar kama yeye anavyoniita Lalla, hakutaka kuitazama kalenda hiyo kwenye mtandao kama sisi. Yeye hukaa kutwa mbele ya kompyuta yake ya mezani na programu yake ya barua pepe, na nje ya hapo haamini kitu. Mwezi wa Januari aliniambia, "Lalla Ghizlane, niletee hiyo kalenda yenu humu kwenye barua zangu. Na nataka niweze kuandika, sitaki kuchungulia kama jirani." Nikamuunganishia. Tangu siku hiyo, akigusa kitu kwenye programu yake, simu za mafundi nazo hubadilika.

Afande anajua kwamba Ramadhani inapokaribia nchi nzima tunarudisha saa nyuma, na Idi ikishapita tunaisogeza mbele tena. Safari hii ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili. Simu zetu zilisogea zenyewe. Kompyuta ya Si Anouar haikusogea, maana kila inapomwomba ruhusa ya kujisasisha yeye hubonyeza "baadaye", na baadaye hiyo haijawahi kufika. Jana Jumatatu asubuhi alifanya anavyofanya kila mwaka. Alipanda kiti akasogeza saa ya ukutani, kisha akashuka akaisogeza ya kompyuta kwa mkono, kana kwamba nayo imetundikwa kwa msumari. Saa ya kompyuta ikasoma sawa. Lakini kalenda ndani ya programu ilibaki kwenye Ramadhani, kila kazi ikionekana saa moja kabla ya wakati wake.

Mnamo saa tatu asubuhi jana nilimpigia simu Ba Laayachi Serroukh, bawabu wa jengo la Yasmina. Huo ndio utaratibu wetu na mabawabu. Wao ndio wenye ufunguo wa chumba cha umeme, na mimi huwaambia lini wazime umeme wa lifti na lini wawashe. Fundi akikuta umezimwa anajua anangojewa, anaingia kazini. Kalenda ilisema saa nane hadi saa kumi.

Nikamwambia, "Ba Laayachi, leo fundi Jaouad yuko kwako. Zima saa nane, washa saa kumi."

Akauliza, "Saa nane ya kufunga au ya kula?"

"Ya kula, Ba. Idi imekwisha."

"Imekwisha na saa yangu moja ya usingizi mmekwenda nayo." Akacheka. "Haya, binti yangu. Nane nazima, kumi nawasha. Huyo Jaouad mwambie aje na maneno, chai ninayo."

Mnamo saa nne na nusu Si Anouar alipiga kelele kutoka ofisini kwake kwamba nimepanga kazi ya asubuhi vibaya, iko mapema mno. Nilipotazama nikaona ameshaisogeza mbele kwa saa moja, na fundi wa kazi hiyo alikuwa ananipigia kuuliza kulikoni. Nikairudisha. Nikaenda mlangoni kwa Si Anouar nikamwambia, "Kompyuta yako bado inafunga, Si Anouar. Iache ijisasishe, halafu usiguse kitu."

Akasema, "Ifunge tu, itapata thawabu."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Leo nikikikumbuka kicheko kile naona aibu. Aliahidi hatagusa tena, nikamwamini, na mchana nikaenda kumchukua mwanangu Rim shuleni.

Nikiwa nje, Si Anouar aliiona kazi ya Jaouad Temsamani. Kwenye programu yake ilisomeka saa saba. Yeye alijua fika kwamba ni ya saa nane, akaivuta mpaka nane, akaridhika. Kwetu sote ikawa saa tisa hadi saa kumi na moja. Simu ya Jaouad ikamwarifu kwamba kazi imesogea. Akadhani nimesogeza mimi, kwa hiyo akaenda kwa mama yake kula. Haya ameniambia mwenyewe jana jioni hospitali, kabla madaktari hawajamchukua.

Mnamo saa nane na nusu nilikuwa nimerudi, hata koti sijavua. Ba Laayachi alipiga simu ya ofisi kuuliza mbona haoni mtu, na Si Anouar akapokea. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Saa nane ndiyo, Ba Laayachi, naiona hapa mbele yangu. Hawa vijana tangu Idi matumbo yamejaa keki, miguu haiendi. Atakuja." Nikampigia Jaouad mara mbili, hakupokea, alikuwa kwenye pikipiki. Nilitaka kuifungua kalenda nione. Hapo hapo ikaingia simu ya mwanamume aliyekwama kwenye lifti na mkewe mjamzito huko Malabata, anapiga mayowe, na simu hiyo ikanila karibu saa nzima, nikaisahau kalenda.

Jaouad alifika jengo la Yasmina saa tisa. Ba Laayachi alikuwa amevuka barabara kupeleka mikate ya wapangaji kwenye tanuri la mtaa, kama afanyavyo kila siku. Jaouad akakuta umeme umezimwa. Akashuka kwenye shimo lililo chini ya lifti, akauvuta mlango nyuma yake ili watoto wasichungulie. Ba Laayachi aliporudi hakuona mtu wala mfuko wa vifaa, akadhani fundi hakuja. Saa kumi akawasha. Mama mmoja wa ghorofa ya tano, mwenye kiti cha magurudumu, alikuwa anangoja kupelekwa kwa daktari, na mjukuu wake alibonyeza kitufe akiwa chini. Lifti ikashuka. Jaouad alijibanza kwenye kona, lakini mguu wa kulia haukupata nafasi. Jana saa mbili usiku madaktari waliukata chini ya goti.

Naomba nisimame kidogo.

Mnamo saa kumi na moja na nusu jioni Si Anouar aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Alikuwa ameshaomba simu yangu na kuitazama kalenda. Akaniambia, "Kalenda inasema tisa hadi kumi na moja. Basi wewe ulimwambia mzee tisa hadi kumi na moja, na mzee akasahau. Kwa umri wake nani atashangaa?"

Nikasema, "Nilimwambia nane hadi kumi. Na wewe ulimjibu nane kwenye simu, nimekusikia."

"Lalla Ghizlane, kampuni ikifungwa utakula wapi? Na huyo Jaouad nani atamlipia hospitali? Mzee hana cha kupoteza. Mtamchangia sukari na chai, maisha yataendelea."

Nilichukua koti langu nikatoka. Nasema wazi kwamba ilikuwa hofu. Nilikwenda hospitali, kisha nikarudi nyumbani nikazunguka kati ya jiko na dirisha mpaka kukapambazuka.

Leo saa tatu na nusu asubuhi nilikuja hapa kituoni na mkate na jibini mbichi, nikaruhusiwa kumpa Ba Laayachi, aliyelala hapa mahabusu. Alinivuta mkono, akanong'ona, "Nimeshawaambia nilisahau. Wewe nenda kazini, ufunge mdomo."

Nikamwambia, "Ba, hukusahau."

"Najua sikusahau, mimi si mjinga. Lakini aliyenipigia ni wewe. Wakianza kutafuta mtu watakukuta wewe mwanzo, huyo bosi wako hawatamfikia. Mimi nina miaka sabini na moja, watanifanya nini? Wewe una Rim."

Nilikasirika, Afande. Nilimkasirikia yeye kwa wema wake, na nilijikasirikia zaidi, kwa sababu kwa dakika moja moyo wangu ulifurahi. Kisha akaniuliza, "Na Jaouad anaendeleaje?" Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri, atatembea. Huo ndio uongo pekee niliousema leo, na naomba uandikwe pamoja na mengine.

Nimekuja kwa Mkaguzi Sefrioui moja kwa moja kutoka hapo. Ba Laayachi hakusahau chochote. Nilimwambia nane akazima nane, nilimwambia kumi akawasha kumi. Aliyeivuta kazi ile ni Si Anouar, kwa mkono wake, baada ya kuombwa asiguse. Nimeonyesha simu yangu, na kalenda yenyewe inasema ni nani aliyebadilisha na wakati gani. Si Anouar hakujua kwamba inasema hayo, kwa sababu kwenye programu yake hayaonekani. Kama kazi nimeipoteza, nimeipoteza.

Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoambiwa na wenyewe. Nimesomewa yote, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: G. Ouahbi

MAELEZO YA AFISA: Yamerekodiwa nami na kusomwa kwa shahidi. Shahidi ameruhusiwa kwenda lakini amekataa, yuko kwenye benchi la ukumbini. Saa sita na robo nilimjulisha Laayachi Serroukh kwamba shahidi amethibitisha saa alizompa. Amefuta maelezo yake ya jana na kuyatia sahihi mapya. Kisha akaniuliza kwa nini binti analia hapo nje, ikiwa Jaouad atatembea.

H. Sefrioui, Mkaguzi